Kibao cha 50 ni cha mtoto anayevuka

Anayetoka Mombo kwenda Same hupita Mazinde kwenye lami iliyonyooka. Milima ya Usambara inabaki mkono wa kulia, tambarare mkono wa kushoto, na hakuna kona kali ya kumshtua dereva. Lori lililopakia Tanga au Dar es Salaam likipeleka mzigo Moshi, Arusha au mpakani Holili, hapa ndipo dereva wake hushawishika kukanyaga mafuta. Na hapa hapa ndipo watoto wanapovuka kwenda shule, kuteka maji au kutumwa dukani.

Lori lende kwa spidi gani? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeshajibu. Kwenye maeneo ya makazi, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 halitakiwi kuzidi 80. Na hiyo 80 ni mwisho, si kiwango ambacho dereva lazima akifikie. Penye mvua, giza, tairi zilizochoka au mzigo mzito, spidi inayofaa iko chini ya hapo.

Madereva wengi wanazijua namba hizi, na wazazi wengi pia. Kinachosahaulika ni maana yake kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Lori likienda 80, linamaliza mita 22 kila sekunde. Tuseme mtoto amechomoza ghafla nyuma ya Noah iliyosimama kushusha abiria. Dereva anahitaji kama sekunde moja na nusu kumwona, kuamua na kukanyaga breki. Kwa spidi ya 80, mita 33 zimekwisha kabla breki haijaanza kushika. Hata kama breki ni nzima na lami ni kavu, lori hilo litasimama baada ya mita 80 hivi. Lingekuwa kwenye 50, lingesimama baada ya mita 40.

Kuna jambo zito zaidi katika hesabu hiyo. Pale ambapo lori la 50 limeshasimama kabisa, lori la 80 bado linakwenda kwa zaidi ya 70. Yaani mtoto yule yule, mahali pale pale, kwa dereva wa kwanza anapata hofu tu. Kwa dereva wa pili, familia inapata msiba. Hapo hatujazungumzia trela lililojaa, ambalo kwa sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki linaweza kufika tani 56.

Sasa hesabu ya upande wa mtoto. Barabara yenye upana wa mita saba inamchukua mtoto mdogo kama sekunde saba kuivuka. Akiliona lori mbali, tuseme umbali wa goli hadi goli kwenye uwanja wa mpira, anaona nafasi ipo. Kama lori liko kwenye 50, litamfikia baada ya sekunde saba na kidogo, naye anakuwa ndiyo kwanza amemaliza kuvuka. Kama liko kwenye 80, litamfikia baada ya sekunde nne na nusu, akiwa bado katikati ya lami. Mtoto anapima umbali, lakini spidi hajui kuipima vizuri. Hata mtu mzima hukosea, sembuse wa darasa la pili.

Ndiyo maana kumwambia mtoto "angalia magari" hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Watoto hao wote hawakufa kwa utundu.

Mkoa wa Tanga una makovu yake. Februari 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyobeba wafiwa na mwili wa marehemu wakielekea Moshi. Zaidi ya watu 15 walikufa, na chanzo kilichotajwa ni mwendo kasi wa Fuso iliyokuwa ikijaribu kulipita gari jingine. Januari 2025, eneo la Segera, lori liliwaparamia usiku watu waliokusanyika penye ajali nyingine, na 11 wakapoteza maisha.

Na faida ya kukimbia ni ipi? Kijiji chenye makazi ya kilomita tano hupitwa kwa dakika sita ukiwa kwenye 50. Ukiwa kwenye 80, ni karibu dakika nne. Dereva ameokoa dakika mbili na kidogo, ambazo foleni moja ya mzani inazimeza zote.

Familia ya dereva nayo ina sehemu yake. Simu ya "umefika wapi mpaka sasa?" kila baada ya saa moja humfanya baba akimbizane na saa. Afadhali aulizwe kama amekula na kama amelala. Mwenye lori anayemlipa dereva kwa idadi ya safari ajue kwamba malipo hayo yanamsukuma kukanyaga mafuta. Na madereva wanaowashiana taa kuonyana kwamba trafiki yuko mbele na tochi wanamsaidia mwenzao kukwepa faini tu. Mtoto aliye kijiji kinachofuata hasaidiki.

Kwa wazazi wanaoishi kando ya barabara, kanuni ni chache. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi avushwe na mkubwa, ashikwe mkono. Asivuke mbele wala nyuma ya gari lililosimama, bali asubiri liondoke. Aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena, na lori likionekana, hata likiwa mbali, alisubiri lipite. Alfajiri na jioni avae nguo ya rangi nyeupe au inayong'aa. Dukani ng'ambo ya barabara atumwe mtu mzima.

Wazazi wakiwa pamoja wanaweza zaidi ya hapo. Kamati ya shule na serikali ya kijiji zinaweza kuandika barua kwa TANROADS kuomba kivuko, matuta na vibao karibu na shule. Dar es Salaam, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend uliweka njia za miguu, matuta na vivuko kwenye shule, watoto wanaoumia wakapungua, na mwaka 2019 ukapewa tuzo ya kimataifa. Barua hiyo iandikwe sasa, kabla kijiji hakijapata sababu ya kuiandika kwa machozi.