RAHISI GHALI: TUCHAGUE GLOBU KWA AKILI

Umeme umefika Ruponda. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umepeleka nguzo katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, na mwananchi wa kijijini ameunganishiwa kwa ada ya shilingi 27,000. Gharama iliyobaki imebebwa na umma. Mtoto aliyesoma kwa koroboi, macho yakimtoka machozi kwa moshi, sasa anasoma kwa taa. Hili ni jambo la kujivunia.

Lakini kazi ya Taifa hukoma mlangoni kwa mwenye nyumba. Kuanzia pale swali ni letu wenyewe: ndani ya holda twatia globu gani?

Tufanye hesabu. Globu ya kizamani, ile ya uzi unaowaka, yenye wati 60, ikiwashwa saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Nyumba yenye globu nne za namna hiyo hula uniti 36. Globu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia kuwa sawa, na nne kati yake hula uniti zipatazo tano na nusu tu. Tofauti yake ni uniti 30 kila mwezi, ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa zikigeuka joto la bure darini.

Uniti hizo si jambo dogo kwa mtu wa kipato cha chini. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, uniti ya ziada ni shilingi 350. Basi mwenye globu nne za kizamani amekwisha kula karibu nusu ya haki yake kabla hajawasha redio wala pasi. Nafuu aliyowekewa mnyonge yapotea darini.

Hata hivyo, kubana matumizi si kununua kila kinachoitwa cha kubana matumizi. Wakati wa fedha za korosho na ufuta, maduka na wachuuzi huleta globu za kila namna. Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa rahisi yaweza pia kuwa hatari. Mnunuzi na atazame mambo manne. Kwanza, kitako: kama holda ni ya pini, asilazimishe globu ya skrubu kwa waya na gundi. Pili, volti: umeme wetu ni volti 230, na globu yapasa iandikwe hivyo, au iandikwe kiwango ambacho 230 imo ndani yake. Tatu, mwanga: asipime kwa wati peke yake, atafute lumeni, zipatazo 800 ndizo mbadala wa ile ya wati 60. Nne, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, pamoja na risiti.

Na mahali pa kuitia? Globu ya LED haina joto kali kama ya uzi, lakini mtambo mdogo ulio katika kitako chake huchoka upesi ukifungiwa ndani ya kioo kisichopitisha hewa. Tusiifungie humo isipokuwa ile iliyoandikwa kuwa yafaa. Kila tunapobadilisha, tuzime swichi kuu kwanza. Holda iliyoungua au kulegea si ya kutiwa globu mpya. Ni ya kuitiwa fundi.

Zipo pia zile globu za mirija iliyojipinda. Ndani yake mna zebaki, nayo ni sumu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, na Tanzania ni mojawapo, zilikubaliana mwaka 2022 kuziondoa sokoni ifikapo 2025. Ambaye bado anayo asiitupe shambani. Ikivunjika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe kwa robo saa, vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio wala mikono mitupu, kisha vifungwe ndani ya chombo chenye kifuniko.

Nachingwea yajua gharama ya kununua vyombo bila kuuliza kama vinafaa. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walileta hapa matrekta kwa ajili ya karanga, na ardhi ikayashinda. Kosa lile lilikuwa la Serikali ya kikoloni. Kosa la dukani litakuwa letu.

Kwa hiyo twasema wazi. Ofisi za Chama, kuanzia tawi, zibadilishe globu zao kwanza, kwani kiongozi hahubiri asichotenda. Mabalozi wa mashina walizungumze jambo hili katika mikutano yao. Vyama vya ushirika vyaweza kuwanunulia wanachama globu nzuri kwa pamoja, bei ipungue. Na wakaguzi wa viwango wasiishie mijini. Wafike na katika maduka ya vijijini, maana mkulima akiuziwa globu mbovu hana pa kushtaki.

Kujitegemea, tulikokutangaza Arusha mwaka 1967, hakuhusu viwanda vikubwa peke yake. Kumo pia katika holda ya chumbani. Umeme tumeuleta kwa jasho la wengi. Tusiupoteze kwa uzembe wa dakika moja dukani.