Ubongo Wetu, na Tegu Asiyeuliza Dini



Mwezi huu twaanzia Hirbadaw, katika nchi ya Mbulu na Hanang. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, huwatibu wenye kifafa wa sehemu hizo. Madaktari waliwapiga picha za ubongo wagonjwa 212 wa kifafa huko Haydom, na habari yake ikatangazwa mwaka 2009. Karibu mmoja katika kila sita alionekana ana alama za vijifuko vya mtoto wa tegu wa nguruwe ubongoni.

Huenda msomaji akasema, "Sisi hatuli nguruwe, alhamdulillahi, haya hayatuhusu." Yanatuhusu sana. Lakini kwanza tuutazame ubongo wenyewe.

Mwenyezi Mungu ameuumba kwa chembe hai, yaani seli, za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni nuroni, zichukuazo habari. Kila nuroni ina kiwiliwili chenye kiini, vijitawi vifupi vipokeavyo habari, na uzi mrefu uipelekao mbele. Uzi utokao uti wa mgongo hata mguuni wapata urefu wa karibu mita moja. Habari hupita katika uzi kwa umeme mdogo. Ifikapo mwisho, kemikali humwagika na kuivusha hata seli ya pili. Wataalamu wamekadiria kwamba ubongo wa mtu mzima una nuroni kama milioni elfu 86.

Namna ya pili ni glia, watumishi wa nuroni. Astrositi, zenye mfano wa nyota, huzilisha nuroni na kuyaweka sawa maji yanayozizunguka. Oligodendrositi huzivika nyuzi mafuta yaitwayo mayelini, kama mpira uvikwavyo waya wa umeme, ili habari ziende mbio. Mikroglia ni askari wa zamu, walao uchafu na adui. Nje ya ubongo na uti wa mgongo, kazi ya kuzivika nyuzi ni ya seli za Schwann.

Basi kijifuko cha tegu kikiingia ubongoni chaweza kukaa kimya miaka mingi. Kinapokufa, askari hao hukishambulia, mahali pale huvimba, na astrositi huacha kovu. Nuroni zilizo kando hupiga umeme zote kwa pamoja bila ya taratibu, na mtu huanguka. Hii si laana ya ukoo, wala povu la mgonjwa haliambukizi.

Alaye nyama ya nguruwe yenye vijifuko, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Walakini kijifuko cha ubongoni hutokana na mayai, nayo hutoka katika choo cha mtu mwenye tegu. Hushika mikononi, hufika kisimani na kwenye mboga. Kwa hiyo asiyepata kuonja nguruwe maisha yake yote aweza kuyameza katika kachumbari. Na tegu si haba: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 uliona vijifuko katika ndimi za nguruwe zaidi ya 17 katika kila 100 wilayani Mbulu.

Uharamu wa nguruwe watukinga na tegu wa tumboni. Tahara ndiyo itukingayo na mayai. Yatupasa kunawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, kuosha mboga kwa maji safi, kuchemsha maji ya kunywa, na kuchimba choo cha shimo. Tumsaidie na jirani kuchimba chake, awe wa dini yo yote. Choo chake ni kinga ya watoto wetu pia.

Na mwenye kifafa asifichwe. Twajua habari ya mwanamke mwenye kifafa aliyemjia Mtume (s.a.w.), hakumfukuza wala hakumwonea haya. Apelekwe hospitali, apewe dawa kama fenobabito, wala asiiache ghafula. Akianguka, mwondoleeni moto karibu, mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko kinywani.

Mwenyezi Mungu azihifadhi akili zetu na za watoto wetu. Amin.