Fundo Linalofunguka



Ukiwa mkazi wa Kinondoni au Temeke, bahari haiko mbali nawe, ingawa yawezekana wiki nzima ikapita bila kuiona kwa sababu ya kazi. Ifikapo Jumapili familia nyingi hushuka pwani. Wengine huenda Kunduchi na Msasani. Wengine huvuka Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, wakapumzika Kigamboni. Mara nyingi huko mchangani hulala ngalawa kuukuu ya mtu wa ukoo, na kijana wa nyumbani huizunguka mara mbili tatu, kisha akauliza: "Baba, kwa nini tusitweke tanga?"

Swali hilo ni jema. Mtoto anayetaka kujua kazi ya wazee wake hafai kunyamazishwa. Lakini kabla ya kumjibu "haya, twende," yafaa wewe mwenyewe ujue jinsi tanga linavyofungwa, kwa maana baharini kamba moja iliyofungwa vibaya yaweza kuifanya Jumapili ya furaha kuwa siku ya msiba.

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, likatiwa mirengu miwili pembeni ili lisipinduke. Ujuzi huo wa mirengu una asili yake katika visiwa vya kusini mashariki ya Asia, ambako mabaharia walitoka wakavuka Bahari ya Hindi, na lugha ya Madagaska ni ushahidi wa safari hizo hadi leo. Huenda pia umewahi kuviona vyombo vya starehe vyenye matumbo mawili, ambavyo wageni huviita katamarani. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kitamil: *kattu* ni kufunga, na *maram* ni mti. Basi tangu jina lake, chombo cha namna hii ni miti iliyofungwa. Uzima wake umo katika mafundo.

Tuanze na chombo chenyewe. Ngalawa ikiwa ya zamani, usishike tanga kabla ya kukagua mahali mirengu inapokutana na gogo. Tikisa kwa nguvu. Kamba ikicheza, ifungue yote na kuifunga upya. Kisha tazama mahali mlingoti unapokalia chini. Maji ya mvua hutuama hapo na kuozesha mti, na mlingoti uliooza chini huvunjika siku ya upepo, si siku ya shwari.

Baada ya hapo yako mafundo ya namna tatu.

La kwanza ni la tanga na foromali. Tanga hulazwa mchangani kando ya foromali, likafungwa kwa vijikamba vingi kutoka ncha hadi ncha. Uvute ukingo wa tanga unyooke, lakini uangalie ni kitambaa gani. Kitambaa cha pamba na kamba ya katani hujikaza vikilowa, kwa hiyo viachie nafasi kidogo. Kamba ya nailoni hufanya kinyume: ikilowa hulegea, hivyo ikaze zaidi.

La pili ni la goshi, yaani pembe ya mbele ya tanga. Tanga likiisha kutwekwa, ncha ya chini ya foromali pamoja na goshi huvutwa na kufungwa omoni. Hapa usifanye mzaha wala huruma. Ukingo wa mbele ukilegea, tanga hupigapiga, na chombo hakiwezi kupiga bisho. Huenda upande kama kaa. Hata katika vile vyombo vya matumbo mawili sheria ni hiyo hiyo. Tanga lao dogo la mbele hushikizwa kwenye waya unaouzuia mlingoti usianguke nyuma, na ukingo wake hukazwa hadi uwe mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi. Goshi, basi, ni la kukaza.

La tatu ni la demani, kamba ya pembe ya nyuma, ambayo kwayo tanga huvutwa ndani au kulegezwa. Juu ya demani nina neno la kukiri.

Miaka mingi iliyopita nilitoka Kunduchi kuelekea kisiwa cha Mbudya pamoja na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na minne, na mzee mmoja mvuvi aliyeshika usukani. Ulikuwa mwezi wa Julai, na kusi ilikuwa ikivuma upande wetu wa kulia. Mimi nilikabidhiwa demani. Mikono yangu, iliyozoea kalamu, ikachoka upesi. Mzee aliponigeuzia kisogo nikaizungusha kamba kwenye mti na kupiga fundo, kisha fundo juu ya fundo, nikajiona mwerevu.

Tulipofika katikati upepo ukaongezeka ghafula. Mrengu wa kushoto ukazama, maji yakaanza kuingia.

"Legeza demani!" mzee akaamuru.

Nikavuta fundo. Kamba ilikuwa ya pamba, imelowa, imekuwa kama jiwe.

"Mjomba, tunazama!" mpwa wangu akalia, akining'ang'ania mguu.

Mzee hakusema neno. Aliisukuma omo kuuelekea upepo, akachomoa kisu kiunoni, akaikata kamba kwa pigo moja. Tanga likafunguka kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, na mrengu ukaibuka. Tuliteka maji kwa muda mrefu bila kuzungumza. Tulipokaribia nchi kavu ndipo aliponiambia: "Mwanangu, goshi hufungwa. Demani hushikwa."

Maneno hayo sijayasahau. Demani hukaa mkononi. Ikiwa upepo ni mzito, izungushe mara moja kwenye mti ili mti ukusaidie kubeba, lakini ncha ibaki mkononi mwako. Ikikulazimu kuifunga, acha kitanzi ambacho ukikivuta mara moja tu fundo lote linafunguka. Hata waliounda vyombo vya kisasa walilijua jambo hili: kamba za tanga lao la mbele hubanwa na kifaa chenye meno kinachoachia kwa mvuto mmoja wa mkono. Werevu wao na wa mzee wa Kunduchi ni mmoja.

Basi, ndugu mzazi, mwanao akikuomba kutweka tanga, usimkatalie. Mfundishe kwanza mchangani, chombo kikiwa kimetulia. Mfunge macho kwa kitambaa, umwambie afungue fundo la demani kwa kulipapasa. Akishindwa mchangani, baharini hataweza. Sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi hiyo. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata yule anayejisifu kuwa amezaliwa majini. Chukueni kitu cha kutekea maji, na kisu kikali kilichofungwa kwa kamba fupi. Na awepo mzee mwenye ujuzi, ambaye sauti yake hutiiwa bila mabishano, kwani nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mpwa wangu sasa ni baba wa watoto watatu. Siku moja nilimkuta Kunduchi akimfundisha binti yake mkubwa. Binti alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikitafuta kitanzi. Alipokipata alikivuta, na kamba yote ikaanguka mchangani.

"Fundo gani hili, baba," akauliza, "linalofunguka upesi hivi?"

"La babu yako," akajibu, akinitazama mimi, "alilojifunza siku aliyotaka kutuzamisha."

Nilicheka pamoja nao, msomaji wangu, kwa sababu wote tulikuwapo pale wa kucheka.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia mapumziko mema wewe na jamaa zako.