Bima ya Safari Iandikwe kwa Lugha ya Mnunuzi

Mkenya anunuapo kitambaa hukipapasa, na anunuapo embe hulibonyeza. Lakini anunuapo bima ya safari hutazama mambo mawili tu: bei na mhuri. Hati yenyewe huikunja akaitia mkobani pamoja na pasipoti, asiifungue mpaka siku ya msiba. Siku hiyo ndipo hutambua kwamba alichonunua si alichodhani.

Kosa si lake peke yake. Wengi hununua bima hii kwa sababu ubalozi umeidai. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen, kwa mfano, humtaka mwombaji viza awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, itakayogharimia pia kumrudisha nyumbani akiwa mgonjwa au maiti. Basi msafiri huitafuta karatasi iliyo rahisi kuliko zote, akaifikisha dirishani, akaridhika. Amenunua ruhusa ya kupita, kinga hakuinunua.

Mimi ni mtu wa isimu, si wakala wa bima. Hata hivyo, hati za namna hii nimezisoma kwa jicho la taaluma yangu, na naona yapo mambo manne yanayomponza msafiri. La kwanza ni maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kununua bima. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asipolitaja huweza kunyimwa fidia yote, maana sheria ya bima humtaka mteja aseme kweli kamili. La pili ni kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mteja hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutoa hata senti moja. La tatu ni utaratibu: hati nyingi hudai kampuni ipigiwe simu kabla ya mgonjwa kulazwa, iwezekanapo, na mzigo ulioibiwa uripotiwe kwa polisi upesi, mara nyingi kabla ya saa 24 kupita. La nne, ambalo ni zito kwa vijana wetu waendao Ghuba kutafuta riziki, ni kwamba bima nyingi za matembezi hazimlindi anayeumia akifanya kazi ya mikono.

Mambo hayo yote yameandikwa. Yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, katika sentensi zenye mistari minane, kanushi juu ya kanushi. Neno kama “ajali” au “familia” hupewa maana maalumu katika ukurasa mwingine kabisa, wala si ile tuijuayo sote. Hata aliyehitimu chuo kikuu kwa Kiingereza hicho hicho hutoka kapa. Je, mama muuza nguo anayekwenda Dubai kuleta bidhaa atafanyaje?

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Mimi nasema kwamba habari iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka haijatolewa.

Watazuka wa kudai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo halina mashiko. Neno “bima” lenyewe lilitufikia zamani kutoka Bara Hindi, na asili yake katika Kiajemi ni neno lenye maana ya hofu. Fidia, dhamana, rehani na mkataba ni maneno ya biashara tuliyokuwa nayo kabla ya kampuni hizi kufungua ofisi Nairobi. Jirani zetu wa Tanzania walipitisha sheria mwaka 2021 inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa lugha hii yaweza kubeba hukumu ya jaji, haiwezi kushindwa na karatasi ya bima.

Wengine watahofu kwamba tafsiri itapingana na hati asilia, kesi ziongezeke. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ipo. Mamlaka ya kusimamia bima iziamuru kampuni zote kutoa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, unaotaja kinacholipwa, kisicholipwa, kiasi anachojilipia mteja, na nambari ya kupiga wakati wa dharura. Na muhtasari huo uifunge kampuni kama hati yenyewe. Nchi za Ulaya ziliagizana tangu mwaka 1993 kwamba masharti ya mikataba ya watumiaji yaandikwe kwa lugha nyepesi, na panapozuka utata mteja apewe ile tafsiri inayomfaa. Kampuni za bima huko hazikufilisika kwa sababu hiyo.

Hadi hapo, msomaji, usilipe kabla hujaelezwa. Mwulize wakala kwa Kiswahili: ni lini hamtanilipa? Jibu lake aliandike, atie sahihi. Akikataa kuandika, hiyo nayo ni habari. Chukua pesa zako uende kwa mwingine.