Wanaotufutia Nyayo Wanastahili Zaidi ya "Asante"



Ukifungua Tor kwenye simu yako usome kitu ambacho hutaki mtu ajue unakisoma, au utume ushahidi wa kijana aliyechukuliwa usiku, ni nani anakubebea mzigo huo? Wengi wetu tunadhani ni "mtandao" tu, kama hewa. Sivyo. Ni watu.

Tor inategemea seva elfu kadhaa zilizotawanyika duniani, zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Ujumbe wako hupitia seva tatu. Ya kwanza inajua umetoka wapi, haijui unakwenda wapi. Ya kati inazijua zile mbili za pembeni yake tu. Ya mwisho inajua unakokwenda, haijui wewe ni nani. Umeme wanalipa wao, intaneti wanalipa wao. Wewe unatumia bure.

Na balaa liko kwa yule wa mwisho. Tovuti unayoifungua inaona anwani ya seva yake, si yako. Mtu akipitia hapo kufanya uovu, polisi wanabisha mlango wa mwenye seva.

Muulize Dmitry Bogatov, mwalimu wa hesabu wa Moscow. Aprili 2017 alikamatwa kwa maneno ya uchochezi yaliyoandikwa mtandaoni kupitia anwani ya seva yake. Akatiwa rumande, kisha akawekwa kifungo cha nyumbani. Mashtaka dhidi yake yalifutwa 2018. Lakini ona wenzake walivyofanya alipokuwa ndani: walifungua seva mpya na kuzipa jina lake. Hawakuishia kwenye pole na emoji. Walibeba mzigo wake.

Huko ndiko kumtambua mtu. Cheti na fulana ni vizuri, lakini haviwezi kumtoa mtu rumande.

Utasema, hayo ya Urusi yananihusu nini mimi wa Majengo, Kisauni au Eastleigh? Hebu kumbuka Aprili 2014, msako wa Usalama Watch, watu wetu walipofungiwa uwanja wa Kasarani. Kumbuka 2011, shirika la habari la AP lilipofichua kuwa polisi wa New York walikuwa wakipeleleza misikiti na vikundi vya wanafunzi Waislamu. Na 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba data ya mahali walipo watumiaji wa app maarufu ya swala ilikuwa ikiuzwa, na mnunuzi akawa na wateja walio karibu na jeshi la Marekani. App ya swala, ndugu yangu! Unatafuta kibla, mwingine anakutafuta wewe.

Halafu tunaambiwa: kama huna cha kuficha, waogopa nini? Suratul Hujurat aya ya 12 inatukataza kupelelezana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya kila mtu. Faragha si ya wahalifu peke yao. Ni haki yako na ya mama yako.

Wapo wanaosema Tor ni ya makafiri, na ilianzia kwa jeshi la wanamaji la Marekani. Ndio, utafiti wake ulianzia kwenye maabara yao, miaka ya 1990. Lakini programu yake iko wazi, mjuzi yeyote anaweza kuikagua. Na sisi tuna sira. Mtume (SAW) alipotoka Makka na Abubakar, wakajificha pango la Thawr, Amir bin Fuhayra alikuwa akipitisha mbuzi na kondoo ili kufuta nyayo za aliyewapelekea habari. Na aliyewaongoza njia hadi Madina, Abdullah bin Urayqit, hakuwa Muislamu. Alikuwa mwaminifu kwa amana, basi. Mwenye seva kule Ujerumani au Marekani anayefuta nyayo zako bila kukujua anafanya kazi ya aina hiyo. Na tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu.

"Lakini wezi nao wanaitumia." Wezi wanatumia pikipiki pia, na hatujamfunga kila mwenye bodaboda.

Basi tufanye nini?

Moja: tuache kuirudia propaganda ya kwamba kila mwenye seva ya Tor ni mshukiwa. Sisi tunajua vizuri uchungu wa kuhukumiwa kwa tuhuma.

Mbili: kama una kompyuta na intaneti isiyo ya kuhesabu bando, weka Snowflake kwenye kivinjari. Inawasaidia waliofungiwa Tor nchini mwao, kama Iran na Urusi, kuingia. Wewe unakuwa mlango wa kuingilia, hivyo tovuti wanazofungua hazioni anwani yako. Seva ya mwisho usiiweke nyumbani peke yako. Hiyo inataka taasisi na wakili.

Tatu: mwenye seva akikamatwa, iwe hapa au ng'ambo, tumpigie kelele kama tunavyowapigia waliopotezwa. Mwaka 2015 maktaba moja ya mji wa Lebanon, New Hampshire, ilizima seva yake ya Tor baada ya polisi kuwapa wasiwasi. Wenyeji wakaenda mkutanoni, wakasema wazi wanaitaka, na bodi ikairudisha. Raia wa kawaida tu, waliokataa kunyamaza.

Na usidanganyike: ukifungua akaunti yenye jina lako, Tor haifichi jina hilo. Laini yako ya simu bado inaonekana na minara. Waliojitolea wanakufutia nyayo, hawawezi kukuzuia kupiga kelele ukiwa pangoni.

Kutumia bure si kosa. Aibu ni kutumia bure, kisha kugeuza uso aliyekubeba anapotiwa pingu.