Jengeni kwa Ajili ya Wote

Wandugu, tunapojenga nyumba ya sala, zahanati au choo, twapenda kuipima kwa miguu yetu wenyewe. Kama sisi tunapita, twasema mlango ni mzuri. Lakini nyumba ya watu wote haipimwi kwa mtu mwenye nguvu. Na ipimwe kwa mzee wa fimbo, kwa mama mwenye mimba, kwa kipofu, na kwa yule ambaye polio imekausha miguu yake.

Wengine husema, "Hakuna taabu, tutambeba." Ni neno la upendo, lakini halitoshi. Mtu wa kubebwa huja wakati wabebaji wanapotaka, si wakati anapotaka yeye. Tena, ni nani atakayembeba mpaka chooni usiku? Sisi wauguzi twajua: mama anayeona haya kubebwa hujizuia kunywa maji, asije akahitaji choo. Hapo ugonjwa wa mkojo humpata upesi. Tazameni, ngazi tatu za matofali zaweza kuleta ugonjwa!

Huko Marekani, Ronald Mace alipata polio akiwa na miaka 9. Alipokuwa chuo kikuu ilimpasa kubebwa ngazini ili afike darasani. Baadaye akawa mchoraji wa ramani za nyumba, akafundisha mpaka kufa kwake mwaka 1998 kwamba nyumba na vyombo viundwe kwa watu wote tangu mwanzo.

Basi fanyeni hivi. Mahali pa ngazi tengenezeni njia ya mteremko: kwa kila sentimeta 1 ya kupanda, urefu wa njia uwe sentimeta 12. Ngazi zenye kimo cha sentimeta 45 zataka njia ya meta 5 na sentimeta 40. Mlango uwe na upana wa sentimeta 90. Chooni jengeni kiti cha matofali chenye tundu, na ukutani mti imara wa kushika.

Je, gharama ni kubwa? Ni kubwa kwa yule anayevunja ukuta uliokwisha kujengwa. Kabla ya tofali la kwanza, kazi si nyingi. Na mteremko ule utapitisha pia machela ya mgonjwa, mama mwenye ndoo kichwani, na baiskeli yenye mizigo. Ngazi zafaa wengine. Mteremko wafaa wote.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba msingi, wazee wa kanisa wamwite mwenye kilema, wamsikilize. Mahali pa kukwama yeye apajua kuliko fundi.