Anayemiliki Silaha Ajifunze Kwanza Kuizuia

Kila inapotufikia habari ya ujambazi wa kutumia bunduki, au ya waumini kushambuliwa wakiwa katika swala, huzuka katika baraza zetu rai ile ile: kwamba wakati umefika kwa wenye uwezo kuomba leseni, wanunue bastola na kuwalinda watu wao. Rai hiyo haistahiki kupuuzwa. Uislamu haumwamrishi mtu ainamishe shingo achinjwe. Mtume (SAW) amefundisha kuwa anayeuawa akitetea nafsi yake, ahali yake au mali yake ni shahidi. Hata hivyo, liko swali linalotangulia lile la leseni, nalo ni hili: huyo atakayeishika silaha hiyo amefunzwa nini?

Tuzingatie yaliyotokea kwa jirani zetu. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, jijini Nairobi, wakaua watu 67. Kabla vikosi vya serikali havijajipanga, raia wachache wenye bastola za leseni, wakiwa pamoja na askari kanzu, waliingia ndani na kuwatoa watu waliokuwa wamejificha. Miongoni mwao alikuwamo Mwislamu, Abdul Haji, aliyekwenda kumtafuta ndugu yake. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilienea dunia nzima. Wauaji walidai kuutumikia Uislamu. Aliyewaokoa wanyonge ndiye aliyeutumikia.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili usiosimuliwa sana. Siku hiyo hiyo, kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake mwenyewe, kwa kutotambuana. Ikiwa wanaume waliofunzwa kwa miaka walimdhania mwenzao kuwa adui, itakuwaje kwa mfanyabiashara aliyenunua bastola mwezi uliopita, akapiga risasi chache kwenye karatasi, kisha akaificha chini ya mto?

Kwa hakika, kupiga shabaha iliyosimama, mchana, katika utulivu, ni sawa na kujua herufi bila kujua kusoma. Hofu ya kifo hubadilisha mwili: moyo hudunda, mikono hutetemeka, macho huona jambo moja tu na masikio huziba. Ndiyo maana mafunzo ya vitendo kwa raia yalizaliwa. Mwaka 1976 Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alifungua chuo huko Arizona kuwafunza raia kutumia bastola kwa kujihami. Kanuni nne za usalama alizozieneza hufundishwa hadi leo katika nchi nyingi: ihesabu kila silaha kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza, usiweke kidole kwenye kifyatulio mpaka umelenga, na umjue unayemlenga pamoja na kilichoko nyuma yake.

Ndugu Waislamu, je, kanuni hizi ni ngeni kwetu? Mtume (SAW) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha. Alimwamuru apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Alikataza pia kupeana upanga uliochomolewa alani. Basi tulifundishwa adabu ya silaha karne nyingi kabla bastola haijabuniwa. Ajabu ni kumwona Mwislamu mwenye leseni akiitoa bastola yake katika karamu ya harusi kuwaonyesha vijana!

Aidha, mafaqihi walipoeleza hukumu ya kumzuia mshambuliaji waliweka daraja. Akizuilika kwa neno, hapigwi. Akizuilika kwa mkono, hatumiwi silaha. Na shari ikishaondoka, mkono hauna ruhusa tena. Mwizi anayekimbia na kumpa kisogo mwenye nyumba hajahalalisha damu yake. Kwa mantiki hiyo, mafunzo ya kweli ni mafunzo ya kupambanua: lini ufunge mlango na kuwapigia polisi simu, lini uwatoe watoto kwa mlango wa nyuma, lini uiache bastola mahali pake kwa kuwa nyuma ya jambazi wamo watu wasio na hatia, na vipi uiweke chini polisi wanapofika, wasikudhanie wewe ndiye muuaji.

Wanaotetea silaha hutaja kanisa la mji wa White Settlement, Texas. Tarehe 29 Desemba 2019 mtu mwenye bunduki aliua waumini wawili humo, akaangushwa kwa risasi moja ndani ya sekunde sita hivi. Ni kweli. Lakini aliyempiga, Jack Wilson, alikuwa mkufunzi wa silaha aliyekifunza kikosi cha ulinzi cha kanisa hilo. Kilichookoa watu pale ni miaka ya mazoezi.

Na wapo waliookoa watu bila bunduki kabisa. Uchunguzi wa FBI uliotolewa mwaka 2014 ulipitia matukio 160 ya mashambulizi ya bunduki hadharani nchini Marekani, ya mwaka 2000 hadi 2013. Matukio 21 yalikomeshwa na raia wasio na silaha waliomdhibiti mshambuliaji. 5 tu yalikomeshwa na watu wenye silaha wasiokuwa polisi, wengi wao wakiwa walinzi. Huko New Zealand, mwaka 2019, Abdul Aziz alimkabili muuaji nje ya msikiti wa Linwood akiwa na mashine ya malipo ya kadi mkononi, akamfukuza. Mwaka huo huo, Norway, mzee Mohammad Rafiq wa miaka 65, askari mstaafu, alimkamata kwa mikono yake mtu aliyeingia msikitini akifyatua risasi.

Kutokana na hayo, nasaha yetu ni hii. Asiye na leseni asiitafute silaha kwa njia ya panya, kwani huko ni kuvunja sheria na kuwaingiza Waislamu wote katika shutuma. Mwenye leseni ajue ameshika amana: aifungie kwenye kabati la chuma mbali na watoto, ajifunze kwa mkufunzi anayetambuliwa, arudie mazoezi kila mwaka, na asiishike akiwa na ghadhabu. Akishindwa hayo, bora airejeshe polisi. Nazo kamati za misikiti zianze na lisilohitaji leseni: milango ya dharura isiyofungwa kwa makufuli wala kuzibwa na viatu, vijana wawili watatu wa kuangalia nje wakati wa swala, namba za polisi na hospitali zijulikane, na waumini wafunzwe kuzuia damu inayomwagika kabla gari la wagonjwa halijafika.

Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu. Nafsi hiyo ni ya mwenye bastola, ni ya mtoto wake, na ni ya mpita njia aliyeko upande wa pili wa ukuta. Atakayeulizwa mbele ya Allah (SW) juu ya risasi ni yule aliyeifyatua.

Wabillahi tawfiq.